Msumari Wako Umenitoa Mbioni

Fundi,

Nakuandikia nikiwa na hasira. Nimengoja siku tatu ipoe, haijapoa. Wewe ndiye uliyekuwa ukiniambia mtu akikasirika aweke spana chini kwanza. Haya, nimeiweka, nimeshika kalamu.

Walinitoa mbioni, Jaduong', mzee wangu. Mimi Akinyi, mwanafunzi wako kwa miaka sita chini ya mwavuli ule karibu na daraja la Migori. Wameniondoa kwa kosa la kutengeneza baiskeli. Mashindano ya baiskeli, halafu wanamfukuza fundi wa baiskeli! Wewe ungecheka mpaka ukohoe. Mimi sijaweza kucheka.

Ngoja nianzie mwanzo, maana hujui lolote tangu tukuzike Kendu Bay.

Siku ile ya mazishi walisoma wasifu wako. Mwanao mkubwa aliuchapisha vizuri sana, picha yako ukiwa umevaa tai juu, maneno chini. Ukasomwa mbele ya watu wote: "Marehemu alijishughulisha na biashara ndogo ndogo mjini Migori." Basi, hivyo tu. Biashara ndogo ndogo! Kana kwamba ulikuwa ukiuza njugu steji. Miaka yote ile ya kunyoosha rimu, kuziba tyubu, kufufua baiskeli ambazo wenyewe walishazitupa nyuma ya choo, na neno "fundi" halikupata nafasi hata kwenye karatasi yako ya mwisho. Nilitaka kusimama niseme. Lakini mimi si wa ukoo, nikabaki nimeketi. Mama, mke wako, alikuwa ameinamisha kichwa, na sikujua anawaza nini.

Ndiyo sababu nilijiandikisha. Najua mimi si mwanariadha. Uliwahi kuniambia nakimbia kama mtu anayefuata kuku. Lakini walitangaza mashindano Homa Bay: unakimbia kando ya ziwa, unapanda baiskeli hadi Ndhiwa na kurudi, kisha unakimbia tena mpaka uwanjani. Yalikuwa ya Jumapili, kwa hiyo Sabato yako ya Jumamosi sikuigusa. Kwenye fomu palikuwa na nafasi ya jina la timu, na wakasema kila atakayemaliza atasomwa kwenye spika pamoja na timu yake. Nikaandika: Karakana ya Fundi Ouko, Migori. Nishani sikuitaka. Nilitaka watu wasikie neno fundi likitangulia jina lako, kwa sauti, hata mara moja.

Karakana yenyewe bado ni mwavuli uleule, benchi lilelile, na pampu yako inayovuja. Kilichobadilika ni wateja. Mtu anakuja, ananikuta nimeshika gurudumu, mikono nyeusi hadi kwenye viwiko, ananiuliza, "Fundi ako wapi?" Namwambia ndiye mimi. "Sawa, lakini fundi mwenyewe anarudi saa ngapi?" Kila siku, Jaduong'. Siku nyingine namjibu kwamba harudi, halafu nashindwa kuendelea na kazi.

Mbio zilianza nikaachwa nyuma. Ule mkondo wa kwanza wa miguu nisiuseme sana. Wazee walinipita. Lakini nilipopanda baiskeli yetu, ile tuliyoiunga mimi na wewe, fremu ya huyu na magurudumu ya yule, mambo yakageuka. Kwenye mlima wa Rodi niliwapita watu wenye baiskeli zinazong'aa, mimi napumua kwa kelele hadi najionea aibu. Nikafika Ndhiwa, nikageuza. Miguu ilikuwa inawaka, lakini nilijua nitamaliza.

Tukirudi nikaona baiskeli imelala kwenye nyasi. Kando yake ameketi binti anaitwa Mercy, cheni imekatika, analia kwa hasira. Nilimpita. Nakwambia ukweli, nilimpita, tena nikakanyaga pedali kwa nguvu. Halafu nikakusikia: "Nyara, baiskeli isilale barabarani na wewe upo." Ulikuwa ukiniita binti yako hivyo kila ulipotaka nifanye jambo nisilolitaka. Nikafunga breki huku nikikusema vibaya. Nisamehe kwa niliyoyasema.

Mfukoni nilikuwa na msumari wako, ule uliousaga ncha wa kusukumia pini za cheni. Natembea nao siku zote. Nikaokota jiwe, nikatoa pingili iliyovunjika, nikaunga. Jua lilikuwa kali na jasho linaingia machoni, watu wanatupita mmoja baada ya mwingine. Mercy akapanda akaenda, nami nikamfuata.

Nikaiacha baiskeli, nikakimbia mkondo wa mwisho, na nilipofika uwanjani, bado hatua chache nimalize, mwamuzi mwenye faili akanisimamisha. Msimamizi wao wa pikipiki alikuwa ametuona njiani. Sheria yao inasema washiriki wanaweza kusaidiana, ila fundi wa kazi haruhusiwi kushika baiskeli ya mwingine njiani. Akishika, yeye ndiye anatolewa. Mwamuzi hakuwa mtu mbaya. Alinisogelea, akasema polepole, "Madam, kama ni kusaidia tu, hiyo haina shida. Kwani wewe ni fundi?"

Alikuwa ananifungulia mlango. Ningesema hapana tu, ningevuka ule mstari, na jina lako lingesomwa. Mercy alikuwa pembeni anapiga kelele, "Aki mwacheni, ni mimi nilikuwa nimekwama!" Nikaitazama mikono yangu ilivyojaa grisi. Nikamwambia, "Mimi ni fundi. Nimefunzwa na Fundi Ouko wa Migori. Andika."

Akaandika kwenye karatasi ya kunitoa, akanipa nakala. Halafu nikamwambia yote yaliyokuwa moyoni, na nilipaza sauti mpaka mtu akaniletea maji. Kinachoniuma ni hiki: kwenu neno fundi lilikuwa aibu, na Homa Bay likawa kosa. Mtu afanye nini ili aitwe fundi kwa heshima?

Lakini sikiliza. Waliomaliza walisomwa mara moja. Waliotolewa walisomwa mara mbili, kwa Kiswahili kisha kwa Dholuo, ili wasije wakapanga foleni ya nishani. "Akinyi, Karakana ya Fundi Ouko, Migori, ametolewa kwa sababu yeye ni fundi wa baiskeli." Mara mbili, Jaduong', na spika ile ilisikika hadi sokoni.

Mchana huohuo niliendesha mpaka Kendu Bay. Nilisimama kwenye kaburi lako nikakusomea ile karatasi, sijui kama ulisikia, kisha nikaingia kwa Mama. Nikamsomea naye. Aliniomba niirudie pale penye neno fundi. Akainuka, akaleta Biblia, akatoa ndani yake ule wasifu. Akachana upande wenye picha yako, akaurudisha ndani pamoja na karatasi yangu. Ule upande wa maneno akanipa.

"Shika," akasema. "Futa grisi."

Nikafuta, kidole kimoja kimoja. Hapo ndipo nilipolia, mimi ambaye sikulia siku ya mazishi.

Oriti, Jaduong'. Ulale salama. Mwakani nitajaza fomu tena, timu ileile, na msumari utakuwa mfukoni. Nikikuta baiskeli imelala barabarani nitasimama, na wakiniuliza nitajibu vilevile. Wanitoe tena, wasome tena.

Ni mimi,
Fundi Akinyi