Sahani ya Guyo

Karibu na Lublin, Poland
25 Septemba 2022

Ayo wangu,

Salaam aleikum. Natumai barua hii inakukuta na afya, mama yangu, na goti lako la kushoto limepunguza maneno. Mimi ni mzima, alhamdulillahi, ila baridi ya huku imenizoea kabla mimi sijaizoea.

Abdighani wa saiba, mwenye kompyuta na intaneti, ameniahidi kwamba barua zangu atazichapisha na kukuletea sokoni, na zako atazipiga picha anitumie. Simu ni mara moja tu kwa mwezi. Wakubwa wa programu yetu ya kubadilishana wanafunzi wanasema ukiongea na mama kila siku, mwili unakaa Poland na roho inabaki kwenu. Hawajui roho yangu haikupanda ndege kabisa.

Familia yangu ya huku ni watu wema. Mama anaitwa Halina, na binti yake Zosia ni rika langu. Ndiye atakayekuja kukaa kwetu Agosti ijayo. Siku niliyofika walikuwa wametoa nyama yote kwenye friji kwa kuogopa kunikosea. Nimekula samaki mpaka naota mapezi.

Guyo ameshapeleka ng'ombe malishoni Korbesa? Mwambie kuwa nimemkasirikia. Kaka gani anamsindikiza dada yake stendi na halii hata kidogo?

Binti yako,
Umulkheir

*

Chechelesi, Isiolo
16 Oktoba 2022

Kwa Umulkheir,

Waaleikum salaam, mwanangu. Goti linakusalimu. Linasema tangu uondoke hakuna wa kulikanda, na Guyo ana mikono ya kukamua ngamia, si ya kukanda mama mtu mzima.

Mvua haijanyesha. Ni msimu wa tano huu unapita hivi hivi. Maziwa yanayofika sokoni asubuhi ni jerikeni moja, akina mama tunagawana kama dawa. Mto Ewaso ni mchanga mtupu. Ng'ombe wetu wamebaki tisa. Sikuambii ulie, nakuambia kwa sababu utauliza.

Kula samaki wao, soma, valia vizuri. Unakumbuka nilikataa usiende, na Guyo akakaa mlangoni kwangu siku nzima, hali hanywi, mpaka nikasema sawa. Usimwaibishe. Amerudi kuchukua unga na kesho anaondoka tena. Ameng'ang'ania kalamu, nampa.

Mama yako

Sister, ni Guyo. Ayo anasema nimekonda, lakini ng'ombe wamekonda zaidi, so mimi ndio mnene wa boma. Ng'ombe yako Dima iko poa. Nakuam wa hapo jirani anasema Krismasi ya huko iko na theluji kama ya TV. Ikifika niandikie yote, hata chakula, usiruke kitu. Na kama umeona jaketi yangu ya kijani uniambie, nimeitafuta nyumba mzima. Kaka yako.

*

Chechelesi
13 Novemba 2022

Umulkheir,

Sina salamu leo.

Guyo ametutoka, siku ya Ijumaa. Mto ulipokauka walichimba kisima kwenye mchanga wake, chini ya Korbesa, kimo cha watu watatu. Wanasimama mmoja juu ya mwingine wakipitishiana ndoo, ndivyo wamekuwa wakinywesha ng'ombe mwezi mzima. Ijumaa asubuhi alishuka yeye kwanza, peke yake, akisafishe kabla ng'ombe hawajafika. Mchanga ukaanguka. Mjomba wako Ibrae na wenzake walichimba kwa mikono, kwa sufuria, kwa ubao wa mlango. Walipomfikia alikuwa ameshaenda. Wakamzika huko huko kabla ya alasiri. Mimi nilifika Jumamosi na lori la Merti, nikaonyeshwa mahali.

Nimeandika nione kama mkono utakubali. Umekubali. Sasa ni miguu inayokataa kwenda kwa Abdighani. Nakuona ukiisoma katika nyumba ya watu wasiojua hata jina lake linavyotamkwa. Bibi yako, Mungu amrehemu, alikuwa akisema mtu aliye safarini haambiwi kifo, maana atakibeba njia nzima na hana wa kumpokea. Wewe uko safarini mpaka Juni. Na ukirudi sasa, unarudia nini? Kila alichokikalia mlangoni kitakuwa bure.

Naiweka barua hii chini ya godoro. Mungu anisamehe.

Mama yako

*

Chechelesi
27 Novemba 2022

Kwa binti yangu,

Salaam aleikum. Sisi huku ni wazima. Usipige simu, yangu imeingia maziwa na fundi anasema haifai tena.

Guyo amehama na ng'ombe, mbali sana safari hii, hakuna netiwaki wala mtu wa kupeleka barua. Anakusalimu. Usimsahau kwenye dua.

Vaa soksi mbili.

Mama yako

*

Karibu na Lublin
26 Desemba 2022

Ayo wangu, na wewe Guyo popote ulipo,

Salaam aleikum. Natumai mko wazima, na fundi wa simu amepata aibu kidogo. Barua yako ya mwisho ilikuwa fupi, Ayo, nikajua ni uchovu. Hii yangu ni ndefu na naituma kwa posta, maana nimeweka kitu ndani ambacho saiba haiwezi kukichapisha.

Guyo, uliniambia nisiruke kitu. Shika kikombe ukae.

Krismasi ya huku inaanza tarehe ishirini na nne. Kwanza samaki. Walimnunua akiwa hai, wakamtia kwenye beseni kubwa la kuogea, akaogelea humo siku mbili. Mimi nikaoga kwa ndoo kama nyumbani. Zosia alimpa jina, halafu alipochinjwa akagoma kumla, na Halina akamwambia hivyo ndivyo anavyosema kila mwaka.

Siku yenyewe hawali vizuri mchana kutwa. Jua likizama, watu wote wako dirishani wanatafuta nyota ya kwanza. Ikionekana ndiyo ruhusa. Nilijihisi niko kwetu Ramadhani, imebaki tende tu. Mezani ni vyakula kumi na viwili na hakuna chenye nyama hata kimoja: mchuzi mwekundu wa kiazi fulani, kabichi na uyoga, vitu kama sambusa zilizochemshwa. Kwa hiyo nilikula Krismasi yao yote bila kuuliza swali.

Kabla ya kula kila mtu anashika mkate mweupe, mwembamba kama karatasi. Mnavunjiana, mnaombana msamaha, ndipo mnakaa. Halina na kaka yake hawakuwa wamesemezana tangu Pasaka, wakavunjiana wakilia. Nami nina langu. Guyo, jaketi ya kijani iko hapa. Niliificha ndani kabisa ya sanduku langu kabla sijaondoka, na wewe ukaitafuta wiki nzima ukigeuza nyumba. Nilitaka kitu chenye harufu yako ya moshi. Najua kulala nje bila jaketi si mchezo. Nisamehe.

Sasa nyasi. Chini ya kitambaa cha meza wanatandaza nyasi kavu, kwa sababu Nabii Isa, wanasema, alilazwa horini. Nikainua pembe ya kitambaa nikaitazama. Nyasi nzuri, Ayo, imelazwa chini ya sahani na hakuna wa kuila. Walipotoa vyombo nikaomba kiganja kimoja. Ndiyo hiyo mliyoiona ikianguka kwenye bahasha. Ni ya Dima. Na wanasema usiku huo wanyama husema kama watu, basi Guyo muulize Dima nani alikuwa akimwibia ndama wake maziwa.

La mwisho ni hili. Wanaweka sahani moja zaidi, tupu, na kiti chake. Zosia akaniambia ni ya mgeni asiyetarajiwa. Mama yake Halina, mzee sana, akasema ni ya wafu wa nyumba pia. Nikawaambia kwetu ni kinyume: Krismasi Nakuam anatuletea chapati, Idi sisi tunampelekea nyama, na sahani hairudi tupu. Yule mzee akaniuliza, mwaka huu nimwekee nani sahani hii? Nikasema kaka yangu Guyo. Akauliza, yuko hai au amekufa? Nilicheka, Ayo. Nikasema yuko hai kabisa, ni ng'ombe tu wamempeleka mbali. Wote wakacheka, Halina akamimina mchuzi kidogo kwenye sahani yako ili ukija usikute umepoa.

Hukuja, basi nikaunywa mimi.

Binti yako na dada yako,
Umulkheir

*

Chechelesi
22 Januari 2023

Umulkheir mwanangu,

Waaleikum salaam. Kaa chini kwanza. Kama uko peke yako, mwite Halina, akae karibu.

Bahasha yako ilifika juzi. Niliifungulia sokoni mbele ya wenzangu, nyasi ikaniangukia mapajani. Wote waliacha kuuza. Nilisoma mpaka pale uliposema ulicheka, nikashindwa kuendelea.

Pamoja na hii Abdighani anakutumia nyingine niliyoandika tarehe kumi na tatu Novemba na sikuituma. Isome. Yote yamo humo. Yaliyo katika barua yangu ya mwisho ni uongo, isipokuwa soksi. Simu ni nzima. Niliizima nisisikie ukiniuliza.

Nilikwenda mlango kwa mlango Chechelesi nzima nikawaomba wasikuambie. Nilidhani nakufunika, kama unavyomfunika mtoto jua likiwa kali. Nakuam ndiye peke yake aliyeniambia nitajuta. Siku ya Krismasi alileta chapati, akawa ameweka na fungu la Guyo kwa mazoea. Alipoona alichofanya alikaa hapo hapo mlangoni akalia. Sahani yake bado iko kwangu. Sijui nitairudisha na nini.

Nyasi nilimpa Dima. Wenzake wote wamekufa, Ibrae akamleta hapa uani. Alikuwa wa kwanza kufika kisimani siku ile, Ibrae anasema alisimama akingoja maji. Kiganja chako alikimaliza mara moja, akanitazama. Kama wanyama wangesema, uongo wangu usingefika Desemba.

Kuhusu jaketi. Guyo alikuona ukiikunja. Alikuja jikoni kuniambia akicheka, akasema usimwambie, acha niitafute kwa kelele ili ajue ni kitu cha thamani.

Niandikie. Nitukane ukitaka, lakini niandikie.

Mama yako

*

Chechelesi
19 Februari 2023

Mwanangu,

Salaam aleikum. Wiki nne sasa. Nimepiga, Halina anapokea, anasema maneno nisiyoyajua kwa sauti ya upole, halafu anataja jina lako na kukata. Abdighani akiniona kwa mbali anatikisa kichwa kabla sijauliza.

Sikulazimishi. Niambie tu kama unakula.

Mama yako

*

Karibu na Lublin
4 Machi 2023

Ayo,

Waaleikum salaam. Ninakula. Goti lako sijui likoje, na leo sikuulizi.

Nilisoma barua zako mbili tarehe ishirini na tatu Januari, jikoni, Halina akikata vitunguu. Nilianza na ile ya chini ya godoro. Baadaye nikahesabu. Siku sabini na tatu, mara tano kwa siku, nilikuwa nikimwombea Guyo arudi salama, apate maji. Ayo, maji! Mtu yuko kaburini, dada yake anamwombea apate kisima. Hakuna hata mara moja niliyosema Mungu amghufirie. Mlimsomea arobaini tarehe ishirini Desemba, na siku nne baadaye mimi nikamwekea sahani nikacheka mbele za watu. Dua ndicho kitu pekee nilichokuwa na uwezo wa kumpa nikiwa mbali hivi, nawe ulikichukua ukakiweka chini ya godoro.

Fardowsa, rafiki yangu wa tangu darasa la kwanza, alinitumia picha ya paka wake mwezi wa Desemba. Alikuwa anajua. Mtaa mzima ulikuwa unajua, na mimi ndiye niliyekuwa nikiwaandikia vichekesho.

Unasema ulinifunika. Ulinifunika, Ayo, na kwa mfuniko huo huo ukamficha Guyo nisimwombee. Najua ulilia peke yako hapo nyumbani. Najua hukufanya kwa ubaya. Nayajua yote hayo na bado nikisikia simu inalia siwezi kuigusa.

Sikukaa kimya kwa kukuadhibu. Nilikuwa nasoma arobaini. Nyinyi mlikuwa na yenu bila mimi, nami nimekuwa na yangu bila nyinyi, kuanzia siku niliyojua. Zosia alikuwa akikaa nje ya mlango wangu kila nikisoma Yasini. Haelewi neno, alikuwa akikaa tu. Nilimfikiria Guyo alivyokaa mlangoni kwako.

Jana zimetimia. Ile sahani ya Guyo Halina hakuirudisha kabatini tangu Krismasi, aliiacha mahali pake mezani na kila mtu akala akiizunguka. Jana nikapika wali, nikaijaza, nikampelekea yule mzee, mama yake Halina. Nikamwambia lile jibu nililompa Desemba halikuwa sahihi. Akasema alijua tangu Januari, akala wali wote, wala hakunifariji, na nilimshukuru kwa hilo.

Sahani ya Nakuam irudishe na unga, au chumvi, au chochote. Isikae.

Nitamaliza mpaka Juni. Si kwa ajili yako, Guyo ndiye aliyekaa mlangoni. Nikifika sitaki kupokelewa stendi. Nitapanda lori la Merti moja kwa moja mpaka Korbesa, Ibrae anionyeshe mahali, nimrudishie jaketi yake. Kisha nitakuja nyumbani. Kama nitakuwa nimekusamehe utajua nikiingia, na kama bado, utanipikia hivyo hivyo.

Na Ayo, akifa mwingine, niambie.

Dada wa Guyo