Nyumba Yenye Mbavu

Matombo, 8 Agosti 1943

Mdogo wangu Benedikto,

Mungu akufunike huko Misri. Sisi tuko, maharage yamekomaa, na mbuzi wako amezaa mapacha.

Barua yako juu ya rafiki yako, yule askari Mmaori wa visiwa vya mbali, nilimsomea mama. Alipenda habari za nyumba yao ya mikutano: kwamba yenyewe ni babu yao, mti wa juu wa paa ni uti wake wa mgongo, fito ni mbavu, na ukoo wote hukaa kifuani mwake. Akacheka, "Basi yangu hii ni bibi kizee, mlango wake hauna jino hata moja!"

Mdogo wangu, kaa chini. Mama alitutoka Jumanne, padri akiisha kumpaka mafuta matakatifu.

Uliandika kwamba katika nyumba ile marehemu haachwi peke yake, na watu humwambia usoni hata yale waliyogombania naye. Najua linalokuchoma: ulikwenda vitani bila kumuaga, naye alikasirika. Basi usiku wa mkesha, tulipomaliza rozari, nilimwinamia nikasema, "Mama, mimi ni Benedikto. Nilikosa, nisamehe."

Watu wakanitazama. Nikaona haya. Ndipo mjomba Yakobo, ndugu yake wa tumbo moja, akajibu kwa niaba ya mama: "Nimesikia, mwanangu, nimekusamehe. Mbona umechelewa hivyo?"

Naamini aliyesamehe ni mama, maana mjomba mwenyewe unamjua, hasamehe hata kuku wa jirani.

Dada yako akuombeaye,
Paskalia