Mwanao Amekuwa Sanamu

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Na baridi ya huko Machame imeshaanza? Mimi mzima, viungo vyote vipo, na ukiendelea kusoma utaelewa kwa nini nimeanza na viungo. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu ungesikia sauti yangu ukaanza kulia, nami ningekufuata.

Nilikwambia nimepata kazi shamba la ng'ombe huku Hispania. Sikukwambia ni ng'ombe gani. Ni madume ya kupigana na watu uwanjani, meusi, yanalala nje na kukimbia yanavyotaka. Siku ya kuomba kazi nilijitapa: "Mimi Mchaga, nimekulia kwenye ng'ombe." Usicheke, Mama. Ng'ombe wetu unamjua: yuko bandani, kamba shingoni, majani tunamletea, maji tunamletea, anazeeka hajaiona hata barabara. Dume linalokimbia mimi nililionea wapi?

Sasa wenyeji wana mchezo wao wa zamani. Mtu anavalishwa nguo nyeupe, anapakwa unga usoni hadi kwenye kope, anasimamishwa juu ya kisanduku katikati ya uwanja, kisha dume linafunguliwa. Asitikisike. Likidhani ni jiwe, linampita. Likishtukia ni mtu, ndiyo basi. Aliyekuwa akifanya mchezo huo alivunjwa nyonga, tajiri wangu akanigeukia mimi. "Si umekulia kwenye ng'ombe?" Nikakataa. Akasema taratibu tu: simama mara moja, nitakupa likizo, Krismasi utakula kwenu. Na kibali changu cha kukaa huku kiko mkononi mwake. Kwetu ningechuma jani la sale nikamwendea nalo kumwomba, na hakuna mwenye akili anayelikataa. Huku ningemchumia nini?

Nikasimama. Jamani, Mama! Lilitoka likaja moja kwa moja. Jasho likaanza kuchuruzika kwenye unga, nikasema leo nimekwisha. Nikakumbuka ulivyokuwa ukinifokea bandani tukileta ng'ombe mgeni: "Tulia wewe! Mwache akunuse." Likafika, likaninusa goti, pumzi yake ya moto ikapenya suruali. Nilisali Baba Yetu kimoyomoyo kwa Kichaga, maana Kiswahili kilishanikimbia. Kisha likageuka likaenda zake. Watu wakalipuka kwa shangwe. Miguu ilikataa kushuka, wakanibeba juu juu wakidhani ni furaha.

Nilipomfuata tajiri kudai likizo yangu, akanikumbatia. Kumbe miji mingine imeshaniomba. "Huwezi kuondoka sasa," akasema. "Likizo tutaongea mwakani." Laiti ningeruka chini nikakimbia, pengine wangenifukuza, saa hizi niko nyumbani. Jumapili napanda tena kile kisanduku. Naogopa, sikufichi. Chakula naletewa hapa hapa shambani, nalala hapa hapa, na geti linafungwa kwa nje.

Kwa hiyo Krismasi hii usiniwekee pombe ya mbege. Mimi ndiye kitindamimba, kihamba, shamba la nyumbani, ni changu, ndiye niliyepaswa kubaki na wewe. Wanao wote watapanda mlimani kuja nyumbani kasoro mimi. Inaniuma sana.

Msalimie kaka mkubwa wa Soweto hapo mjini, mwambie asisubiri Desemba ndipo aje kukukatia migomba iliyoanguka. Msalimie shangazi wa Rau, na shemeji, fundi cherehani wa Majengo. Suruali yangu ya kanisani asiipunguze ampe mtu.

Nina ombi moja tu. Ng'ombe wetu Neema, mfungulie kamba. Hata kidogo, azunguke uani wakati unafagia. Najua utasema unga umeniingia kichwani, na kwamba atakuharibia mboga zako. Acha aharibu, Mama. Mfungulie.

Ni mimi mwanao,
Elifuraha