Ukuta wa Ghaima

Jeddah, 4 Juni 2024

Baba mpendwa,

Hamjambo hapo Kitale? Mgongo wako unaendeleaje? Mimi niko salama, ila jua la huku halina huruma.

Kampuni imenitoa ofisini Riyadh ikanileta Jeddah. Kazi iko milimani, Ghaima, mji wa mawe uliojengwa kileleni karne saba zilizopita. Wenyewe walihamia bondeni zamani. Sasa unatengenezwa ili wageni waje kuuona, na mimi ndiye injinia wa kuta.

Baba, kuna shida. Bosi anataka kubomoa ukuta wa kaskazini apate pa kuegesha magari. Anasema hapo palikuwa zizi la mbuzi tu. Lakini Ummu Mishari, mama mzee aliyezaliwa humo, ameniambia hivi: "Enzi za babu zetu jeshi lilituzingira kiangazi kizima, likingoja tufe kwa kiu. Hatukufa. Maji yalikuwa nyuma ya ukuta huo."

Wewe umefundisha historia maisha yako yote. Ungefanyaje?

Binti yako,
Valary

Kitale, 19 Juni

Mwanangu Valary,

Mgongo umetulia na mamako anakusalimia. Je, unakula vizuri?

Maneno ya huyo mama ni ushahidi, lakini bosi hatayakubali peke yake. Angalia mawe. Ukuta umeshikana na lango la mji, au uliegemezwa baadaye?

Ila naogopa. Ikama yako, hicho kibali cha kuishi huko, iko mikononi mwa kafili, mwajiri aliyekudhamini. Kama baba, nakwambia nyamaza. Kama mwalimu, siwezi.

Baba yako

Jeddah, 5 Julai

Baba,

Natumai mko wazima. Naandika kwa haraka.

Nimechunguza. Mawe ya ukuta yamefumwa na ya lango, vilijengwa pamoja. Nilimwonyesha bosi, akasema, "Halas, imetosha, Valary. Mwisho wa mwezi tingatinga linapanda."

Nikamwambia, "Basi naenda Riyadh kwa wakubwa wa mambo ya kale."

"Nenda. Na usirudi."

Niko kituo cha basi. Niombeeni.

Valary

Kitale, 28 Julai

Valary mama,

U mzima? Simu yako haiingii, na mamako hali chakula kikaisha. Kama kazi imekwenda, rudi. Chumba chako kipo, na hakuna atakayekuuliza neno.

Baba

Jeddah, 16 Agosti

Baba na Mama wapendwa,

Mko salama? Nisameheni kimya changu. Simu ilikuwa ya kampuni, wakaichukua. Beverly, rafiki yangu wa mtaa wa Batha kule Riyadh, alinipa pa kulala huku nikibisha milango ya wakubwa. Mwishowe walinisikiliza, wakasimamisha kazi kabla tingatinga halijapanda, wakaja kuchimba wenyewe.

Baba, tangi! Liko nyuma ya ukuta, pana kama kanisa letu, limepakwa chokaa ndani, halina ufa hata mmoja! Magari yataegeshwa bondeni. Bosi aliyashika yale mawe, kisha akasema, "Ulikuwa sawa, injinia." Nimerudi kazini.

Na jana mlima ulipata mvua. Mfereji wa kale tuliouzibua ukaleta maji hadi tangini. Watu wa Ghaima walipanda kutoka bondeni, wazee kwa watoto. Ummu Mishari alishikwa mikono akateremka ngazi, akachota kwa kiganja, akanywa. Kisha akapiga vigelegele, ukoo mzima ukamwitikia, hata mlima ukavuma.

Nami nikapiga vyangu, vile vya nyumbani, kwa sauti yote niliyo nayo. Hakuna aliyegeuka kuuliza huyu mgeni ni nani.

Binti yenu,
Valary