Bangili Uliyoikata kwa Koleo

Dar es Salaam, Jumapili

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo baba. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, na ule mgongo uliokusumbua wakati wa kuvuna mpunga uwe umetulia. Sisi huku hatujambo. Joto linatutesa na wajukuu zako wanakohoa kwa zamu, lakini wanakula na wanagombana, kwa hiyo ni wazima. Baba yao yuko safarini na lori. Safari hii amepelekwa Zambia na atakosa harusi ya shemeji yake, jambo linalomuuma kweli.

Utajiuliza kwa nini nimeandika wakati simu ipo. Baba, simu yako unaiweka spika, na ukishaiweka spika hapo uani ni kama umeitisha kikao cha kijiji kizima cha Mwamkulu. Siku ile uliponiambia, "Njoo kwenye harusi ya mdogo wako, mama, lakini kitu kama kile cha mkononi ukiache hukohuko," nilimsikia shangazi Kulwa pembeni akiitikia amina. Ningekujibu nini juu ya amina? Nikasema sawa baba, nikaaga. Sasa ile sawa yangu naiondoa. Naomba usome ukiwa umevaa miwani, na dada yako akiwa ameenda shamba.

Nianze na Krismasi, maana tangu siku ile mimi na wewe hatujaizungumza. Tunaulizana hali ya mvua na bei ya mchele, halafu tunaagana.

Nilifika nyumbani nikiwa mwembamba, na najua ulishapata shida kwa ajili yangu kabla sijashuka kwenye basi. Watu walikuwa wameshasema nina ule ugonjwa. Wewe, mzee wa kanisa, ukawajibu kwamba binti yako anafunga na kuomba. Nilicheka niliposikia, kisha nikaona huruma, kwa sababu nilikueleza kwenye simu kwamba nimepasuliwa tumbo ili sukari ishuke na magoti yapone, lakini sikukueleza vizuri. Ulisikia "amepasuliwa ili apungue" ukaona haya kuyarudia mbele za watu. Kwetu mtu anaomba anenepe. Nani ataelewa mtu aliyelala kitandani akakatwa ili apungue?

Ngoja nikueleze sasa kama nilivyopaswa kukueleza. Daktari alilikata tumbo langu likabaki na kifuko kidogo kama yai la kuku, kisha akachukua utumbo wa chini akauunganisha hapo. Chakula kinapita njia ya mkato. Ndiyo maana nakula kama kifaranga, na ndiyo maana kitu kitamu kikiingia kwa wingi kinashuka mbio, mwili unachanganyikiwa, natoka jasho, moyo unaenda mbio na macho yanaingia giza. Si pepo. Ni njia ya mkato.

Na wewe ulinipa nini asubuhi ile? Asali. Asali ya mizinga yako mwenyewe, uliyoitunza tangu msimu uliopita ukisema hii ni ya Tabitha. Uliimimina kwenye uji mpaka uji ukabadilika rangi, ukakaa mbele yangu kunitazama nikinywa. Baba, ningewezaje kuikataa? Nilijua haitanifaa. Lakini uso wako ulikuwa umefurahi kiasi kwamba nikaona bora tumbo liteseke kuliko wewe. Nikanywa bakuli zima, nikasimama nipeleke vyombo, nikaanguka.

Yaliyofuata nilisimuliwa na mdogo wangu Elia, maana mimi nilikuwa nasikia sauti tu kama za watu walio ng'ambo ya mto. Wamama wa kanisa waliokuja kupika ndio waliofika kwanza. Mmoja akanishika mkono, akaiona bangili, akaigeuza akakuta ina picha ya nyoka amejizungusha kwenye fimbo, na chini yake maandishi ya Kizungu. Elia anasema wakaanza kukemea pepo. Kisha shangazi akasema, "Nyie, hii ndiyo inayomkausha huyu mtoto. Mleteeni baba yake koleo." Ukaja na ile koleo ya kufungia waya za mizinga. Ukaikata ukiomba, na machozi yakikutoka, ukaitupa kwenye moto wa sufuria la wali.

Baba, sikulaumu. Nataka hilo ulisome mara mbili kama huliamini. Nakumbuka ulivyotusimulia habari za bibi, mama yako niliyerithi jina lake la nyumbani, aliyekuvalisha bangili ya mizimu ulipokuwa unaumwa utotoni. Ulikua nayo. Ulipookoka uliikata mwenyewe, na bibi hakusema nawe kwa muda mrefu. Halafu ukatumia ujana wako kuzunguka vijijini na wenzako, mpaka Kasekese, mkiwakatia watu bangili na hirizi na kuzichoma. Mtu aliyefanya kazi hiyo maisha yake yote, akimkuta binti yake ameanguka na nyoka mkononi, afanye nini? Ulifanya ulichokijua. Mimi mwenyewe, kama ningekuwa wewe na binti ni wangu, ningechukua koleo hiyohiyo.

Lakini yule nyoka, baba, ni alama ya waganga wa hospitali duniani kote. Nenda zahanati ukatazame ukutani, utamkuta amechorwa pale na hakuna aliyewahi kumkemea. Na yale maandishi ya Kizungu yalisema mambo matatu tu: mtu huyu alifanyiwa upasuaji wa tumbo, asipitishwe mpira puani bila kuonwa na daktari wa upasuaji, na asipewe dawa za maumivu za aina ya diklofenaki kwa sababu zinachimba vidonda pale palipoungwa. Basi. Ni maneno ya kusema kwa ajili yangu wakati mdomo wangu hauwezi.

Unakumbuka kilichofuata. Nilipozinduka nilikuwa nimeshika tumbo, shangazi akamwita yule kijana wa duka la dawa, akanichoma sindano ya maumivu nikiwa bado sijui niko wapi, akaacha vidonge kwenye bahasha ya kaki isiyo na jina. Shangazi akawa ananipa asubuhi na jioni kwa upendo wake wote. Nikiuliza ni za nini ananiambia, "Za maumivu, meza mwanangu." Nilimeza nikidhani ni panado. Yule kijana hakukosea, maana ndiyo dawa anayompa kila anayelia maumivu. Hakukuwa na kitu cha kumwambia kwamba mimi siyo kila mtu.

Siku chache baadaye ulinipeleka mwenyewe hospitali mjini, natapika damu kwenye kanga ya shangazi. Jambo moja hukuliona kwa sababu walikutoa nje. Daktari kijana, mwenye haraka na huruma, alikuwa ameshika mpira tayari kuupitisha puani uende tumboni kutoa damu. Ndivyo walivyofundishwa, na kwa mtu mwingine ni sawa. Kwangu mimi ungeweza kutoboa pale palipoungwa. Nilimshika mkono nikamwambia, "Daktari, tumbo langu lilikatwa." Sauti haikutoka vizuri, nikarudia. Akasimama, akaenda kumwita mkubwa wake. Yule mkubwa aliponifunua tumbo, vile vikovu vidogo vya upasuaji vilikuwa vimefifia, huwezi kuviona usipoambiwa. Akaniuliza, "Dada, na wewe mbona hukuvaa alama yoyote?" Ulikuwa nje ya mlango na sikutaka usikie jibu.

Hilo ndilo ambalo sikukuambia. Siku ile nilipona kwa sababu nilikuwa naweza kuongea. Kama ningekuwa kama nilivyokuwa uani, nasikia sauti za ng'ambo, ungesomewa ibada ya mazishi ya binti yako na usingejua kilichomuua.

Niliporudi huku nilijadiliana na nafsi yangu sana, usije ukadhani ni ukaidi. Daktari wangu alisema wengine wanavaa bangili na wengine hawavai, hakuna sheria, ila yeye angependa nivae. Mume wangu akasema nisivae, niweke kadi kwenye pochi. Nikaweka. Wiki hiyohiyo pochi ikaibiwa sokoni pamoja na kadi yake, mwizi akabaki anajua habari za tumbo langu. Nikaandika kwenye simu, lakini simu ina namba ya siri, na mimi ndiye niliyezimia. Nikafikiria mkufu wa shingoni niufiche ndani ya nguo, nikajicheka, maana kitu kilichofichwa kitamwambia nani? Na kuna siku nilitaka kuachana nayo kabisa. Imechosha kuulizwa, "Dada, unaumwa nini?" na kila mtu ndani ya ofisi. Mtu aliyepungua anataka kusifiwa nguo imemkaa, hataki kusomwa kama chupa ya dawa. Nimeona haya pia, baba, haya zilezile ulizoziona wewe kanisani.

Lakini nikikumbuka ule mpira, haya zinaisha. Nimetengeneza nyingine.

Na hapa ndipo nilipokusikiliza. Nilikwenda kwa fundi wa kuchonga vyuma Kariakoo, nikamwambia nyoka simtaki. Akashangaa, akasema ndiyo alama yenyewe, watu wa hospitali wanaitafuta hiyo. Tukaelewana aweke msalaba mwekundu mdogo, nao watauelewa. Maandishi nikamwambia aandike Kiswahili juu na Kizungu chini, ili hata mama wa kwaya aweze kusoma: TUMBO LIMEPASULIWA. USIPITISHE MPIRA PUANI. USIMPE DIKLOFENAKI. Kama mwanzo ingekuwa hivyo, labda koleo ingebaki kwenye mizinga. Aliyenitengenezea ile ya kwanza hakuwa na Mwamkulu kichwani, na mimi niliyezaliwa huko sikumkumbusha.

Alipomaliza upande wa mbele akaugeuza, akaniuliza aandike namba ya nani wa kupigiwa simu nikianguka. Watu wengi huweka mume. Nikawaza, mume wangu yuko Zambia, kesho yuko Kongo, na mimi nikija nyumbani ndipo ninapokula asali. Nikamwambia aandike BABA, kisha nikamtajia namba yako. Akachonga tarakimu moja moja huku nikimsomea kwa kichwa, maana hiyo ndiyo namba pekee niliyoihifadhi bila kutazama simu.

Kwa hiyo harusini nitakuja nayo. Najua watanitazama. Najua utakuwa umekaa mbele na wazee wenzako na mtu atakuinamia akuulize. Sikuombi uhubiri. Ukiulizwa, jibu, "Mwanangu alipasuliwa, hii inamlinda, na namba yangu iko humo." Ukiweza kusema hivyo mara moja, Mwamkulu itasambaza yenyewe, unaijua.

Na kama moyo wako bado unagoma, niambie kwa barua, si kwa spika. Nitakuja hata hivyo. Nitalala kwa mama mkwe wa Elia na kanisani nitakaa nyuma. Lakini nitakuwa nimeivaa. Nakupenda baba, na nataka kuendelea kukupenda nikiwa hai.

Msalimie sana shangazi Kulwa, mwambie kanga yake nimenunua nyingine, mpya kabisa, na hasira sina. Elia bwana harusi mwambie aache kujitazama kwenye kioo cha pikipiki. Mchumba wake mpe pole na hongera, vyote kwa pamoja. Wale wamama wa kanisa walionizunguka siku ile wasalimie mmoja mmoja, walinishika kichwa kisigonge jiwe na hilo sijalisahau. Hata kijana wa duka la dawa msalimie. Asali usiimalize, nitaonja kijiko kimoja nikishakula nyama, ndivyo ninavyoruhusiwa.

Simu yako, baba, ile unayoizima kutunza chaji na kuiviringisha kwenye leso kabatini, kuanzia nikifika naomba iwe mfukoni na iwake. Na jambo la mwisho. Kifungo cha bangili hii ni kigumu, siwezi kukifunga kwa mkono mmoja, huku ananifungia jirani. Nikishaoga asubuhi ya harusi nitakuja kwako mbele ya ukumbi wa harusi nikiwa nimenyosha mkono wangu. Naomba unifungie wewe.

Binti yako akupendaye,
Tabitha