Mganga wa Kwenye Filamu

Tinde, Jumanne

Yaani leo tena! Wachimbaji wawili wametoka Geita mpaka mlangoni kwangu, wanataka dawa ya dhahabu.

"Shikamoo, Mama Kulwa. Tumesikia marehemu aliacha tunguri yake."

Nimewaeleza mpaka koo limekauka. Mume wangu hakuwa mganga, alikuwa mwanamuziki wa rap. Uganga aliuigiza kwenye filamu moja tu, na hiyo tunguri wanayoililia ni kibuyu changu cha kusukia maziwa, alikichora michoro mwenyewe.

Nikawauliza, nyimbo zake je, mnazijua? Hata moja. Miaka yote ile ya kutunga na kurekodi, halafu mtu anakuja kukumbukwa kwa...

Basi mmoja akasimama kunionyesha yule mganga wa kwenye filamu. Akainamia fimbo, akatembea kama yeye, akakohoa kile kikohozi kirefu kabla ya kutabiri. Alimpatia kabisa. Nikacheka, Mungu anisamehe.

"Hapo kwenye kukohoa, mama, ndipo tulipojua huyu mzee ana nguvu kweli."

Nikawafukuza wote wawili. Kikohozi hakikuwa cha kuigiza. Ndicho kilichomuua.