Nilimfuta Mzee

Alhamisi. Upepo tangu asubuhi, vumbi mpaka kwenye meno.

Naomba radhi kwa kukaa kimya wiki saba. Nimeona mmoja wenu ameandika pale chini, "Mama Rehema, blogu imekufa?" Haijafa. Nilikuwa naogopa kuja kuandika, maana nikikaa mbele ya kibodi itabidi niseme nilichofanya.

Naandika kutoka intaneti kafe ya mjini, Rehema amelala mgongoni. Kompyuta ya nyumbani siiwashi. Nimeifunika kitenge, waya wake nimeuchomoa na kuuweka juu ya kabati.

Kwa mgeni wa ukurasa huu: naishi Mandewa, Singida, shule niliishia kidato cha nne, na kompyuta nilijifunza kwa kuifungua na kuifunga tena mpaka ikawaka. Ni ya mtumba. Mume wangu aliniletea kabla hajaenda Sekenke kuchimba dhahabu. Wenzangu wakipata nafasi wanasukana nywele. Mimi napuliza vumbi kwenye feni, nabadilisha rangi ya tovuti. Hayo maandishi yanayotembea hapo juu kama sisimizi, ambayo mlisema yanawaumiza macho, ni kazi ya mkono wangu. Nilikuwa najivunia.

Sasa niseme.

Baba mkwe alifariki mwaka jana, kijijini Ihanja. Katika umri wake wote ilibaki picha yake moja tu. Kadi ya kura ilifuliwa ndani ya mfuko wa shati, uso ukatoka mweupe. Hiyo moja niliipiga mimi, kwa kamera ya kuazima. Amekaa nje kwenye kigoda, anacheka kwa sababu nilimwambia asicheke. Kamera ilirudi kwa mwenyewe ikiwa tupu. Picha ikabaki kwenye kompyuta yangu.

Mama mkwe alitaka tuipeleke studio ikasafishwe. Nikakataa. Nikamwambia karatasi inafifia, mchwa wanakula, lakini kwenye kompyuta, mama, hapotei. Nilisema hivyo mbele ya mashemeji, kwa sauti ya mtu anayejua.

Hapotei.

Basi ikawa desturi. Kila Alhamisi mama analeta kuku sokoni, na akishauza anapita kwangu. Shikamoo mama, marahaba, mtoto hajambo, halafu anasema, "Nimekuja kumwona mzee. Niwashie."

Kompyuta yangu inachukua muda kuamka. Katika muda huo mama anajifunga kitenge upya, anapangusa uso, anakaa vizuri. Picha ikishajaa kwenye kioo anaanza kumweleza mambo ya nyumbani kwa Kinyaturu: mbuzi aliyezaa, jirani aliyesogeza mpaka wa shamba. Siku moja alimgombeza kabisa, sikujua kwa kosa gani. Mimi najifanya napika. Akitosheka ananiita. "Haya, mzime apumzike."

Halafu virusi vikaingia kwa flashi, kompyuta ikawa inasinzia. Fundi wa mjini angepiga windows, yaani kufuta na kupakia upya, mara moja yakaisha. Nikataka kupiga mwenyewe. Nilikuwa nimeandika hatua zote kwenye daftari. Diski yangu imegawanywa pande mbili, C na D; picha nilizihamishia upande wa D, ili upande wa C ufutwe peke yake. Nilikuwa makini kweli. Rehema alikuwa ananyonya, mkono mmoja umemshika yeye, mwingine uko kwenye kibodi. Ule mstari mweupe wa kuchagua cha kufuta ulikuwa umekaa juu ya D. Nikakubali. Kompyuta ikaniuliza tena kama nina hakika. Nikakubali tena.

Sitamsingizia mtoto. Yeye alikuwa ananyonya tu.

Kilichofuata ndicho kibaya zaidi. Kompyuta iliwaka nyepesi kama mpya, nikafurahi, nikaanza kupakia nyimbo na programu hapohapo kwenye D, juu yake, bila kujua. Nilifurahi kama nusu saa hivi. Ndipo nikaenda kutafuta picha.

Mtaniambia iko kwenye ukurasa wa familia, mmeiona. Ile niliipunguza mpaka ikawa saizi ya stempu, ili ukurasa ufunguke haraka kwa mtandao wetu huu. Nimejaribu kuikuza. Inatoka viraka viraka kama shuka la kuungaunga. Kofia inaonekana. Macho ni vidoti viwili vya kahawia.

Tangu hapo nimekuwa nikimdanganya mama. Alhamisi ya kwanza nilisema umeme hakuna. Ya pili, kioo kiko kwa fundi. Nilimpigia mume wangu Sekenke nikamweleza yote. Akasema, "Endelea kumwambia umeme."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nije."

Hakusema anakuja lini. Ni baba yake, sikumlaumu.

Leo mama amekuja. Umeme ulikuwepo, redio ya jirani inaimba nyuma ya ukuta, sikuwa na pa kujificha. Nikasema kompyuta ni mbovu, mama. Akasema basi atakaa nayo hivyohivyo. Akakiondoa kitenge, akafuta vumbi la kioo kwa ncha ya khanga, akakaa mbele ya kile cheusi. Baadaye akaniuliza bila kugeuka:

"Mama Rehema, jicho lake lile dogo lilikuwa la kushoto au la kulia?"

Sikujua. Nimemwangalia kwenye kioo hicho Alhamisi ngapi, na sikujua.

"Mimi limenitoka," akasema. "Juzi nachambua karanga, nikamtafuta, simpati vizuri. Nikasema Alhamisi nitamwuliza mwenyewe."

Hapo nikashindwa. Nilipiga magoti nikamwambia, bila kutaja virusi wala windows wala D. Nilimwambia kwamba nilikuwa nasafisha, nikamfuta mzee.

"Wewe?"

"Mimi, mama."

"Kwa mkono wako?"

"Kwa mkono wangu."

Akatikisa kichwa kidogo, kama mtu anayepokea salamu za mbali. Akanywa chai yake yote, hakubakiza. Akamchukua Rehema, akamgeuza uso upande mmoja, akamtazama, akamgeuza upande wa pili, akamtazama, halafu akanirudishia. Akasema basi la saa nane linamtosha na nisimsindikize. Kuku mmoja hakununuliwa, ameniachia kama anavyoniachia siku zote. Afadhali angenitukana.

Sikujua la kufanya na yule kuku. Nimemfunga mguu mlangoni, nikambeba mtoto, nikaja hapa.

Njiani mama wa genge la mboga ameniita kama kawaida yake, "Injinia, mbona huna raha leo?" Nimepita. Anatania tu, hajui. Lakini ni kweli nilijiona injinia. Najua kubadilisha rangi ya maandishi, najua kupuliza feni. Nikachukua hayo nikayafanya ahadi kwa mjane.

Kuna saa natamani kuiuza yote, kioo na kasha na spika, nibaki na jembe na mtoto kama watu wengine. Halafu nakumbuka kwamba nikiuza hiyo diski nimemuuza naye, kama bado yumo.

Kama bado yumo. Hilo ndilo linalonimaliza. Mdau mmoja wa blogu hii, ambaye hata jina hakuandika, alinijibu nilipouliza kwa kuzungukazunguka kule kwenye maoni. Alisema faili likifutwa huwa halijaondoka pale pale, linaondoka likiandikwa juu. Akasema nisiiwashe tena hata mara moja, nitafute diski ya pili, niiunganishe, nipitishe programu ya kufufua mafaili, na chochote kitakachopatikana kiende kwenye hiyo ya pili. Ndiyo maana nimechomoa waya. Lakini mimi nilishaandika juu: windows nzima, nyimbo, na mchezo wa karata ambao hata sijaucheza. Huenda nikampata kofia tu. Huenda nisipate kitu. Nikiwa mkweli, sitegemei.

Ila siwezi kukaa Alhamisi nyingine bila hata kujaribu. Na kama hatakuja tena, nitapanda basi nimfuate Ihanja nimwambie nimefikia wapi. Uongo wa umeme umeisha, hata mume wangu akikasirika.

Wengi mmesema, "Ukihitaji kitu tuambie." Nahitaji. Niwekeeni kwenye basi, juu ya boksi andikeni Mama Rehema, Mandewa. Nina kasha, kioo, bisibisi na muda wa mchana mtoto akilala. Ambavyo sina ni hivi:

Diski moja ya ndani ya kompyuta, hata iliyochakaa, ya GB arobaini au zaidi. Iwe ya ule waya mpana kama utepe. Hizi mpya za waya mwembamba, ubao wa ndani wa kompyuta yangu hauna tundu lake.

Huo waya mpana wenyewe, wenye vichwa vitatu. Wangu una viwili.

Waya wa umeme wa kugawa njia mbili, ili diski zote mbili zipate umeme pamoja.

Kile kipini kidogo cha plastiki kinachokaa nyuma ya diski kuonyesha ipi ni ya kwanza na ipi ya pili. Tumeni viwili, Rehema anatia kila kitu mdomoni.

Programu ya kufufua mafaili, iliyochomwa kwenye CD. Hapa nimejaribu kuipakua mara nne, inakatika kabla ya nusu.

Na mtu yeyote aliyewahi kupita Ihanja kwa basi akapiga picha dirishani, naomba aitafute aiangalie tena, kule nyuma ya watu. Mzee mrefu, kofia ya sufu ya kijani, amesimama na ndoo ya vitunguu alivyokuwa akiwauzia abiria, upande wa kushoto ukitoka Singida. Hata kama ametokea nusu. Hata kama ameshageuka anaondoka.